Juu ya Neno “todo” la Kihispania, na Jinsi Kitu Kizima Kinavyotajwa

Vijitabu vya maneno ya Kihispania vinavyopita mikononi mwa walimu na wanafunzi wetu hufanana vyote katika jambo moja. Ukitafuta neno “todo” utaona limeandikwa “-ote”, na mstari umekwisha. Ukitafuta “cada” utaona “kila”. Ukitafuta “entero” utaona “-zima”. Na “completo” utaona “kamili”. Mtungaji amefuta jasho, mwanafunzi ameandika katika daftari lake, na wote wawili waamini ya kuwa kazi imefanyika. Katika makala hii nataka kuonyesha ya kwamba haikufanyika, tena ya kwamba orodha ya namna hii humpoteza msomaji mahali pale pale anapohitaji kuongozwa. Kwa maana katika Kihispania utimilifu wa kitu hautajwi na neno peke yake, bali na mpango wa maneno: ni kijineno gani kilichotangulia jina, jina lenyewe ni la umoja au la wingi, na sifa imesimama mbele ya jina au nyuma yake.

Wala hili si jambo la watoto wa shule tu. Kwa ajili ya neno hili wafasiri wa Maandiko Matakatifu wamepishana, na mahakama ya katiba ya Hispania imeketi kulipima. Tutayafikia hayo yote; lakini kwanza yatupasa kurudi nyuma hata Kilatini, kwa kuwa asili ya taabu iko huko.

Warumi walikuwa na maneno mawili. “Totus” aghalabu lilitaja kitu kimoja kisichopunguka, kama vile nyumba yote tangu msingi hata dari, au usiku wote tangu jua kuchwa hata kucha. “Omnis” aghalabu lilitaja vitu vingi vilivyohesabiwa pasipo kuacha hata kimoja. Nasema aghalabu, kwa sababu mpaka baina yao haukuwa ukuta wa mawe; Kaisari mwenyewe alitumia “omnis” alipotaka kutaja nchi nzima ya Gallia. Walakini tofauti ilikuwapo na watu waliisikia. Baadaye, katika usemi wa watu wa kawaida, “totus” likaanza kuchukua kazi zote mbili, na “omnis” likadhoofika. Waitalia wamelihifadhi hata leo katika neno lao “ogni”, yaani kila. Wahispania hawakuhifadhi kitu, ila katika maneno waliyoyachota wasomi vitabuni, kama “omnipotente”, Mwenyezi. Basi “totus”, ambalo katika vinywa vya Wahispania limekuwa “todo”, lilimrithi ndugu yake aliyekufa, likabeba mzigo wake pamoja na mzigo wa kwanza.

Hapa kuna jambo la kupendeza, ingawa ni kando ya njia. Ili kupata neno la kugawanya vitu kimoja kimoja, Wahispania walitumia “cada”, ambalo asili yake ni neno “kata” la Kiyunani lililopita katika Kilatini. Nasi Waswahili neno letu la kazi ile ile, “kila”, tumelipata katika Kiarabu, “kull”. Lugha hizi mbili, zisizo na udugu wowote, zimekwenda kwa jirani kuazima kitu kimoja.

Basi neno moja litabebaje mizigo miwili bila kumchanganya msikilizaji? Hapo ndipo mpango unapoingia. Katika Kihispania kuna vijineno “el”, “la”, “los”, “las”, vinavyotangulia jina na kuonyesha kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana. Katika makala hii tutaviita vitangulizi. Tazama sasa. “Todo libro”, bila kitangulizi na kwa umoja, maana yake ni kila kitabu, kitabu chochote kiwacho. “Todo el libro”, pamoja na kitangulizi, maana yake ni kitabu hiki chote, jalada hata jalada. “Todos los libros”, kwa wingi na kitangulizi, ni vitabu vyote. Kijineno chenye herufi mbili tu kimeingia katikati, na maana imehama kutoka katika kundi lisilo na mwisho ikaingia ndani ya kitu kimoja. Kadhalika “todo hombre” ni kila mwanadamu, lakini “todo el hombre” ni mwanadamu mzima, mwili wake na roho yake. Mwanafunzi aliyejifunza “todo, -ote” atasoma maneno haya mawili kana kwamba ni moja, wala hatajua kwamba amekosa.

Tena na tusidhani ya kuwa “todo libro” na “cada libro” ni sawasawa kwa kuwa vyote viwili twavifasiri “kila kitabu”. “Todo” bila kitangulizi ni neno la sheria na kanuni: kila mwanafunzi na afike mapema; kila mkataba uandikwe. Ukitaka kusimulia jambo lililotukia, ya kwamba jana kila mwanafunzi alipewa kitabu, Mhispania hapendezwi na “todo alumno”. Atasema “cada alumno”, au “todos los alumnos”. Na hata hapo kuna tofauti. Akisema “cada alumno recibió un libro”, vitabu ni vingi kama wanafunzi walivyo wengi. Akisema “todos los alumnos recibieron un libro”, yamkini kila mmoja alipata chake, yamkini walipewa kitabu kimoja wakisome pamoja. Kiswahili nacho kina shaka hiyo hiyo katika “wanafunzi wote walipewa kitabu”, na kwa hiyo mwalimu anaweza kuifundisha kwa urahisi, kama angalikumbuka kuitaja.

Mahali ambapo orodha huumiza zaidi ni katika habari za wakati. “Todo el día” ni mchana kutwa, na “toda la noche” ni usiku kucha. Hapa Kiswahili kina maneno yake mazuri yasiyohitaji “-ote” kabisa. Lakini “todos los días”, mwanafunzi akifuata orodha, ataandika “siku zote”. Mwanamke Mhispania amesema ya kwamba huenda sokoni “todos los días”, naye mfasiri wetu amwambia msomaji kwamba mama huyo yuko njiani sokoni daima, kama jua na mwezi! Maana “siku zote” kwa Kiswahili ni sikuzote, daima, na hilo Mhispania hulisema “siempre”. Neno lililotakiwa ni “kila siku”. Kwa hiyo “todos los”, ambalo kitabuni ni “-ote” ya wingi, hapa limegeuka kuwa “kila”. Na “cada” pia ni “kila” katika “cada cinco días”, kila baada ya siku tano. Orodha yenye neno moja mkabala wa neno moja haina mahali pa kuandika hayo.

Yako mambo mawili ambayo Mswahili angeyashika upesi kuliko Mzungu wa kaskazini, kama mwalimu angemwonyesha tu. La kwanza ni hili. Mhispania hasemi “sé todo” akitaka kusema kwamba anayajua yote. Aghalabu husema “lo sé todo”, akitia kijineno “lo” mbele ya kitenzi. Wanafunzi wengi huulizwa sababu, nao hukariri tu. Lakini sisi husema “nayajua yote”, na ile “ya” iliyo katikati ya kitenzi yafanya kazi ya “lo” sawasawa. La pili ni habari ya nafsi. Kwa Kiswahili “-ote” hubadilika pamoja na nafsi: sisi sote, ninyi nyote, wao wote. Kihispania huacha “todos” vilevile na kuionyesha nafsi katika kitenzi: “todos sabemos”, sote twajua; “todos saben”, wote wajua. Hata huweza kusema “todos los maestros sabemos”, na asiyeangalia mwisho wa kitenzi ataandika “walimu wote wajua”, hali msemaji alisema “sisi walimu sote twajua”. Alijihesabu miongoni mwao, naye mfasiri amemtoa nje.

Na sasa tuyafikie Maandiko. Katika Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 3, aya ya 16, Mtume asema habari za andiko lenye kutoka kwa Mungu, na Kiyunani chake kina “pasa” na jina la andiko bila kitangulizi chochote. Biblia ya Kihispania inayosomwa na Waprotestanti wengi asili yake ni kazi ya Casiodoro de Reina, iliyopigwa chapa Basel mwaka 1569 na kusahihishwa na Cipriano de Valera mwaka 1602. Katika masahihisho ya mwaka 1909 aya hii ina “toda” bila kitangulizi, kama Kiyunani. Katika masahihisho ya mwaka 1960 kimetiwa kitangulizi “la”. Herufi mbili tena! Kwa kanuni tuliyoiona juu, chapa ya kwanza yaonekana kusema “kila andiko”, na ya pili “Maandiko yote pamoja kama kitu kimoja”. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walichagua “kila andiko”, na kwa hiyo wamesimama upande wa chapa ya 1909.

Wako wanaosema ya kwamba chapa ya 1960 imekosa. Mimi sisemi hivyo, tena naona hoja yao ni nyepesi. Kiyunani chenyewe huacha kitangulizi penye jina la pekee, nacho humaanisha kitu kizima: katika Injili ya Mathayo, sura ya 2, aya ya 3, ambapo Herode anafadhaika na mji pamoja naye, “pasa” latangulia jina la Yerusalemu bila kitangulizi, wala hakuna aliyewahi kufasiri “kila Yerusalemu”. Kihispania hufanya vivyo hivyo: “toda España” ni Hispania nzima, maana majina ya nchi na miji hayahitaji kitangulizi. Basi swali la kweli ni kama neno “Escritura”, lililoandikwa kwa herufi kubwa katika chapa zote mbili, limekuwa jina la pekee kama Yerusalemu, au ni jina la kawaida kama kitabu. Msomaji wa chapa ya 1909 aweza kusoma kwa njia zote mbili. Msomaji wa 1960 ana njia moja tu. Naliona hili kuwa jambo la kupima: wasahihishaji waliiondoa shaka, na pamoja na shaka wakaondoa nafasi ya msomaji kuulizwa. Sisi tumeifunga nafasi hiyo pia kwa upande wa pili, kwa kuwa “kila” halina njia ya kutaja kitu kizima. Mwalimu wa katekisimu angefaa ajue ya kwamba Kihispania kiliweza kukaa katikati, na Kiswahili hakiwezi.

Mfano wa pili ni wa sheria. Katiba ya Hispania ya mwaka 1978, katika kifungu cha 15, yatoa haki ya uhai kwa “todos”. Rasimu iliyotangulia ilikuwa na neno la mtu, “persona”. Likaondolewa bungeni na mahali pake pakatiwa “todos” peke yake, bila jina. Walioomba badiliko hilo walitaka mtoto aliye tumboni asiweze kutengwa kwa hoja kwamba hajawa mtu mbele ya sheria. Mahakama ya Katiba, katika hukumu yake namba 53 ya tarehe 11 Aprili 1985, ilikuta hoja hiyo mbele yake. Ikaamua ya kwamba uhai wa mtoto aliye tumboni walindwa na kifungu hicho, lakini haiwezi kusemwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mwenye haki ile.

Sitajadili hapa hukumu yenyewe. Wenye elimu ya sheria na ya dini wameiandikia mengi. Naangalia lugha. “Todos” likisimama bila jina latangaza kwamba hakuna aliyeachwa, lakini halisemi ni kundi gani linalohesabiwa. Ni jumla isiyo na mpaka ulioandikwa. Sasa tumpe kifungu hiki mfasiri wetu na orodha yake. Aghalabu ataandika “watu wote wana haki ya kuishi”, kwa sababu “wote” peke yake mwanzoni mwa sentensi yaonekana kupwaya masikioni mwetu. Kwa neno moja la “watu” amelirudisha lile neno la rasimu lililoondolewa, na mabishano yote ya mwaka 1978 yamefutika katika Kiswahili bila mtu kujua. Afadhali “wote” litakalopwaya kuliko “watu wote” litakaloamua kesi.

Katika miaka yetu hii “todos” limeletewa taabu nyingine, maana ni la jinsi ya kiume, na wako wasemao ya kuwa halitoshi kuwahesabu wanawake, wakitaka iandikwe “todos y todas” kila mara. Mwaka 2012 mwanachuoni Ignacio Bosque aliandika taarifa, iliyotiwa sahihi na wanachama wengi wa Real Academia Española, akitetea desturi ya kwamba jinsi ya kiume katika wingi huwajumlisha wote. Mabishano hayajaisha. Kiswahili, chenye “wote” kwa wanaume na wanawake, chaweza kutazama ugomvi huo kutoka barazani.

Nimekaa sana juu ya “todo”. Maneno mengine ya uzima na ukamilifu yana tabia nyingine: hayo hayategemei mpango sana, bali kila moja lina picha yake ndani, na kosa la orodha ni kuiondoa picha hiyo. “Entero” latoka katika “integer” la Kilatini, maana yake kisichoguswa. Wasomi walilichukua neno lile lile mara ya pili kutoka vitabuni, likawa “íntegro”, ambalo leo hutumika hasa kwa mtu mwaminifu asiyepokea rushwa, au kwa maandishi yasiyokatwa. “Completo” ni kilichojazwa. “Cabal” latokana na “cabo”, yaani ncha au mwisho, nalo ni kitu kilichofikishwa mwisho wake bila upungufu. “Un hombre cabal” ni mtu mnyofu mwenye utu, na mtu asiyekuwa “en sus cabales” ameharibikiwa akili. Kutoguswa, kujazwa, kufikishwa mwisho: ni njia tatu za kuuona ukamilifu, nazo si moja.

Nasi tunazo picha zetu. “Timilifu” latoka katika kutimia, nalo ni jamaa ya “cabal” zaidi kuliko ya “completo”. “Kamili” ni la Kiarabu. Lakini “-zima” lina picha ambayo “entero” hana: uhai na afya. Mtu mzima ni aliyekua, u mzima? huuliza afya, samaki mzima ni yule asiyekatwa, na mgonjwa tuliyedhani amekufa yu mzima bado. Kwa hiyo, ukiniuliza ni neno gani la Kihispania lililo karibu na “-zima”, sitakujibu “entero” kama orodha inavyojibu. Nitasema “sano”. Hilo ni neno la afya, lakini Mhispania hulitumia pia kwa vyombo: wakivunja sahani zote nyumbani husema hakuna sahani iliyobaki “sana”. Na msafiri akirudi salama husema amerudi “sano y salvo”, mzima na salama. Sijaona kijitabu hata kimoja kilichotia neno hili chini ya “-zima”.

“Entero” hutenda mengine yatakayomshangaza anayetegemea “-zima”. “Leche entera” ni maziwa yasiyoenguliwa mafuta. “Números enteros” kwa walimu wa hesabu ni namba kamili, pamoja na zile zilizo chini ya sifuri. Katika bahati nasibu ya Krismasi, mchezo ambao siusifu, lakini Wahispania wameucheza tangu mwaka 1812, watu wengi hununua “décimo”, sehemu moja ya kumi; mwenye zile kumi zote za karatasi moja anayo “el billete entero”. Na “caballo entero” si farasi mzima kwa maana yetu ya kuwa hai au mwenye afya, bali ni farasi dume asiyehasiwa. Yule aliyetafsiri tangazo la mnada wa farasi kwa orodha yake amewaahidi wanunuzi kwamba farasi hawa hawajafa.

Kutoka “entero” kimezaliwa kitenzi “enterar”, ambacho zamani kilikuwa kufanya kitu kiwe kizima. Leo Hispania “enterarse” ni kupata habari, kana kwamba mtu asiyejua ana tundu ndani yake linalozibwa. Lakini huko Meksiko “enterar” katika lugha ya kodi ni kupeleka fedha serikalini, na huko Chile ni kutimiza kiasi fulani, hata miaka ya umri. Msomaji wa magazeti ya nchi hizo asipoangalia, atasoma kwamba mfanyabiashara ameipasha habari fedha yake.

Nisisahau usemi mmoja ambao haufuati kanuni yoyote niliyoitaja. “Todo un hombre”, penye kijineno “un” badala ya “el”, si kila mwanamume wala si mwanamume kamili wa viungo. Ni mwanamume hasa, mwanamume kweli kweli. Miguel de Unamuno, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Salamanca, alikipa kisa chake kimoja jina “Nada menos que todo un hombre”, nacho kimo katika kitabu chake cha mwaka 1920. Anayelifasiri jina hilo asiandike “mtu mzima”, maana msomaji wetu atadhani ni habari ya mtu aliyepita ujana. “Mwanamume hasa, wala si pungufu” ingefaa, ingawa ladha moja imepotea: katika Kihispania neno la jumla ndilo linalompa mtu heshima, kana kwamba wengine wote ni vipande.

“Todo el mundo” nalo limetega wengi. Kwa neno kwa neno ni ulimwengu wote. Kwa kweli ni watu wote, hata wakiwa ishirini wa mtaa mmoja. Mhispania akitaka ulimwengu wenyewe, bara na bahari, aghalabu husema “el mundo entero”, akiweka sifa nyuma. Habari za uvumi wa kijijini, zikifasiriwa kwa orodha, zimeufikia ulimwengu wote kabla ya magharibi.

Habari ya kukana naipita kwa haraka, kwa sababu shaka yake iko katika lugha zote mbili. “No vinieron todos” ni kwamba baadhi walikuja. Kiswahili chasema “si wote waliokuja”. “Todos no vinieron” ni tatizo, kama “wote hawakuja” ilivyo tatizo kwetu, na mwandishi mwema huiepuka.

Nimeulizwa kama basi orodha ziachwe. Zisiachwe, lakini neno lisiingie bila sentensi yake. Kamusi ya kwanza ya Real Academia Española, iliyopigwa chapa katika vitabu sita tangu 1726 hata 1739, iliitwa kamusi ya mashahidi, kwa kuwa maneno yake yaliletewa mistari ya waandishi kuthibitisha matumizi. Na kwetu Padre Sacleux, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1939, hakuona taabu kueleza neno la Kiswahili lasemwaje Mombasa na lasemwaje Unguja. Kijitabu cha kurasa arobaini hakiwezi hayo yote. Chaweza hata hivyo kuandika mistari mitatu chini ya “todo”: ule usio na kitangulizi, ule wenye kitangulizi, na ule wa wingi. Karatasi ya mistari mitatu haimfilisi mpiga chapa.

Yamebaki maneno machache ambamo “todo” limeacha kuhesabu kitu chochote, nayo yakaririwe tu. “Sobre todo” ni hasa, au zaidi ya yote. Yakiunganishwa, “sobretodo”, ni koti refu la baridi. “Del todo” ni kabisa, na “de todo” ni vitu vya kila namna, basi duka lenye “de todo” halijakamilika “del todo”. “Así y todo” na “con todo” hayana “-ote” ndani yake kwa Kiswahili: ni “hata hivyo”, au “pamoja na hayo”.